Mikono ya Wagiman

Kabla ya kuugua, Wagiman alikuwa mchinjaji machinjioni katika mji wa Semarang, Indonesia, mtu wa kumwangusha fahali kwa kamba na mabega. Virusi vya mapafu vilimlaza chumba cha mahututi mpaka akabaki mifupa. Alitoka na kumbukumbu moja tu: mwanamke mwenye barakoa akimfunga mikono kitandani huku akimsemesha maneno asiyoyashika, bomba likimziba koo. Alikuwa akiamka usingizini akitupa ngumi. Mkewe, Sumini, alikuwa ameshahamia chumba cha binti yao baada ya kuvunjwa jino.

Sumini ndiye aliyemburuta hadi kliniki ya waliopona. Walimpima, wakamtembeza ukumbini, kisha muuguzi mmoja, Retno, akamwinamia na kumwita Pak, yaani baba, kwa heshima.

"Vuta pumzi polepole, Pak. Usishindane nayo."

Ilikuwa sauti ile ile ya mwanamke wa barakoa.

Wagiman alimrukia. Alimkaba koo kwa mikono yote miwili, akambamiza kwenye kabati la dawa, vioo vikamwagika. "Kumbe ni wewe," alisema. "Ulitaka kuniua, mshenzi wewe." Retno alimparura uso. Sumini alimvuta mumewe shati, likamchanikia mikononi. Daktari aliyekuja mbio alikula teke la tumbo, akakaa chini.

Kilichomshinda Wagiman ni mapafu yake mwenyewe. Vidole vililegea, midomo ikawa ya zambarau, akapiga magoti juu ya vioo akitafuta hewa asiipate. Alimwona Retno anamjia, damu ikimchuruzika kisogoni, kashika barakoa ya oksijeni. Akarusha ngumi nyingine, haikufika. Retno alimvisha barakoa.

"Ulikuwa unachomoa bomba," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Nisingekufunga, ungekufa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia kila siku, Pak. Hukuwa unanisikia."

Wagiman alizitazama alama za vidole vyake zikivimba shingoni mwa yule dada. Alitaka kuomba radhi, pumzi haikutosha.

Retno alishonwa kichwa. Hakwenda polisi, lakini aliwaambia wakubwa wake kwamba mtu yule hamgusi tena, na Wagiman akapewa muuguzi mwanamume. Wagiman aliendelea kuhudhuria kliniki. Siku moja walikutana kwenye korido nyembamba, Retno akasimama ghafla. Wagiman aligeukia ukuta, akaweka mikono nyuma, akangoja hivyo hivyo mpaka hatua za Retno zikapotea.