Breki za Bwana Stoo

Itangazwe kwa wote wanaohusika, na hata kwa wasiohusika, kwamba Jumamosi ile, katika banda la gari lililo nyuma ya jikoni, historia ya breki iliandikwa upya. Mwandishi wake alikuwa amelala chali chini ya gari, bukta imechanika makalioni, akitafuta spana aliyokuwa ameilalia.

Mtaani walimwita Bwana Stoo. Kazini alikuwa mtunza ghala, na kazi hiyo alikuja nayo mpaka nyumbani. Kila kitu kilikuwa na lebo: makopo ya jikoni, swichi za taa, hata mlango wa choo, kana kwamba kuna mtu angeukosea. Lebo ikisema sukari, hiyo ni sukari. Wiki ile chai yake ilikuwa na ladha ya chumvi kila asubuhi, naye akainywa yote, akiulaumu ulimi.

Gari lake la milango minne lilikuwa na injini ya hasira na breki za upole. Likishashika kasi, kulisimamisha kulihitaji mguu na dua. Ndiyo maana akaagiza breki kubwa za mbele: diski pana kama sinia, na vibanio viwili vyekundu vya kuzikamata, kila kimoja katika boksi lake. Mzigo ulipofika Ijumaa, kabla hata hajanawa mikono, alibandika lebo kwenye maboksi: KUSHOTO, KULIA. Akarudi nyuma hatua moja kuzitazama, kama mtu anayetazama picha ya harusi yake.

Jumamosi mchana vyuma vyote vilikuwa mahali pake. Ikabaki kutoa hewa kwenye mabomba ya mafuta ya breki, kazi ya watu wawili: mmoja akanyage pedeli, mwingine afungue skrubu ndogo kwenye kibanio, hewa itoke. Wa kukanyaga alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyeishi chumba cha uani tangu kiwanda chao kifungwe.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia!"

"Nimeshikilia, shemeji. Nishike na usukani?"

"Usiguse usukani! Achia!"

Bwana Stoo akaingia kujaribu mwenyewe. Pedeli ikazama laini kama godoro la wageni. Wakarudia. Ikazama. Wakamaliza chupa nzima ya mafuta ya breki, ikazama vilevile.

Hapo mdudu wa shaka akamwingia kichwani. Wiki iliyopita shemeji aliomba gari, akanyimwa, akacheka: "Sawa tu, lakini gari hili litakutoa jasho." Wakati ule ilionekana utani. Sasa, chini ya gari, jasho likimwingia machoni, ilisikika kama ahadi.

Alianza kuchungulia ndala ya shemeji pale kwenye pedeli. Mbona inaachia mapema? Mbona anapiga mluzi? Alipoenda kunywa maji, aliacha unga umenyunyizwa kuzunguka tairi. Aliporudi, alikuta nyayo za kuku wa jirani. Akazitazama kwa muda mrefu, akiwaza kama kuku anaweza kutumwa.

"Shemeji," akasema hatimaye, "nikiondoka hapa, wewe huwa unafungua nini?"

"Mimi? Nafungua mdomo kupiga miayo."

"Unalegeza skrubu. Kila nikikaza, unalegeza. Unataka niue familia yangu kwenye mteremko?"

Mluzi ukakatika. "Shemeji, dada yangu anapanda gari hili."

"Basi jua lisizame hujaondoka kwenye kile chumba."

Mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Unamfukuza kaka yangu kwa sababu ya hewa?"

"Namfukuza kwa sababu ya hujuma!"

Shemeji alienda uani, akarudi na begi moja na godoro lililofungwa kamba, akaviweka chini kuifunga ndala yake iliyokatika. Hakuwa na pa kwenda, na wote pale walilijua hilo.

Mlangoni alisimama binti wa nyumba, aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni. Tangu asubuhi alikuwa anacheka peke yake. Sasa alikuwa ameacha.

"Baba," akasema, "hiyo skrubu imeangalia chini. Hewa inapanda juu, kwa hiyo inabaki imejificha humo ndani. Labda vibanio vimebadilishana upande."

Bwana Stoo akainama, akatazama. Kweli, skrubu ilikuwa chini. Akaenda upande wa pili. Chini vilevile.

"Haiwezekani. Nimefuata lebo."

"Lebo zinaweza kubadilishana."

"Lebo ina miguu?"

"Gundi yake si kitu, Baba. Ukivuta taratibu inabanduka bila hata kuchanika."

Bwana Stoo akaiweka spana chini polepole.

"Wewe," akasema, "umejuaje inavyobanduka?"

Hapa simulizi hii inaishiwa pa kujificha. Binti yule ni mimi. Nilizibadilisha zile lebo Ijumaa jioni, Baba akiwa anaoga. Nilidhani atavitazama vile vyuma, atashtuka, tutacheka, yataisha. Ningesema sikujua kwamba Baba huiamini lebo kuliko macho yake, lakini nilijua vizuri sana, na ndiyo ilikuwa raha yenyewe. Ila sikumpangia Mjomba godoro lenye kamba.

"Ni mimi, Baba. Mjomba hajagusa kitu. Nisamehe, Mjomba."

Mjomba akanitazama, akalitazama begi lake, akakaa juu ya godoro. Baba alimwendea, akaanza kuifungua ile kamba kwa vidole vyenye mafuta, na fundo likamshinda.

Mama ndiye hakuwa amemaliza. Alinielekezea mwiko.

"Na kopo la sukari?"

"Na kopo la sukari," nikasema.