Nota za Kwaya ya Kihagara

Kwa miaka kumi na tisa, kwaya ikijifunza wimbo mpya kokote kuanzia Mbinga mjini hadi ufukweni Nyasa, karatasi ilikuwa imetoka mikononi mwa Verediana, mpiga chapa. Nota huandikwa kwa herufi, d, r, m, f, s, l, t, naye alizipiga kwa taipureta, sauti nne, mstari chini ya mstari, macho yakiwa kwenye mwandiko wa mwalimu wa kwaya. Nafasi zilihesabiwa na vidole.

Ikaja biashara huria, na bosi wake Othmar, mwenye duka la uchapaji, hakutaka kuachwa nyuma. Aliuza taipureta, akanunua kompyuta.

"Ukishindwa hii mpaka mwisho wa mwezi," alimwambia, "namchukua binti mmoja wa Songea. Amesomea."

Verediana alikuwa na miaka arobaini na minne. Aliogopa, asikudanganye mtu.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya Mwalimu Wendelin wa kwaya ya Kihagara, wimbo wa kumpokea padri mpya. Verediana alichagua herufi nzuri kuliko zote, akapiga vilevile alivyozoea. Karatasi ilipendeza kama kadi ya harusi, na Othmar akaisifu.

Baada ya wiki Wendelin akarudi, vumbi la lori mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Karatasi nzuri, lakini watu wangu wa besi wanafika Aleluya peke yao. Wenzao bado wako njiani."

Waimbaji wa Kihagara hufuata nota kwa kidole; nota iliyo juu ya yako huimbwa wakati mmoja na yako. Katika herufi zile nzuri, l ilijibana pembeni na m ikajitanua kama shemeji kwenye kochi, nota zote zikahama.

"Si nilikuambia kuna binti wa Songea," Othmar akanuna.

Verediana aliketi kwenye kompyuta. Alifungua orodha ya herufi, akajaribu aina moja moja: mstari wa l, chini yake mstari wa m. Iliachana, ikaachana tena. Aina ya kumi na moja ilikuwa ya herufi za kizamani, zimesimama juu ya vijiguu bapa, kila moja imepewa nafasi sawa na mwenzake. Mistari ikaishia pamoja. Akaubadilisha wimbo wote, na nota zikajipanga zenyewe, maana vidole vyake havikuwa vimekosea hesabu. Alifurahi mpaka akacheka peke yake.

"Hizo si zilezile za taipureta?" Othmar akauliza. "Sasa kompyuta nimenunua ya nini?"

"Bwana Othmar, wewe si mtu wa besi parokiani?" Wendelin akampa karatasi mpya iliyochapwa. "Hebu tuimbe."

Verediana akashika sauti ya kwanza, Wendelin ya tatu. Kidole cha Othmar kilitembea taratibu kwenye mstari wa chini, na Aleluya ikawatoka wote watatu kwa mpigo mmoja. Wateja waliokuwa mlangoni wakapiga makofi.

Othmar akamrudishia Wendelin karatasi, akamgeukia Verediana.

"Yule binti nilishamwandikia aje," akasema. "Akifika, utamfundisha."