Kipara cha Nobila

Ardhi aliyopewa Lamusa baada ya kufiwa na mumewe ilikuwa kipara kitupu, ngumu kama sakafu. Nobila, kaka wa marehemu, alimwazima ardhi hiyo akicheka. "Lima, shemeji. Ukivuna hata kikapu kimoja hapo, uniite punda."

Kila kiangazi Lamusa alichimba mashimo, akayatia samadi. Mchwa wakaifuata samadi na kuulainisha udongo, mvua ikapata pa kuingia. Mwaka wa tatu akavuna magunia manane ya mtama. Nobila naye akakumbuka ghafla kwamba ana shamba.

Alichagua siku mbaya ya kulidai. Bwana shamba Zerbo alikuwa amewaleta wakulima arobaini kutazama mashimo. Zerbo ni Msamo, na Wasamo ni watani wa Wamossi, kabila la Lamusa na Nobila. Hapo matusi ndiyo salamu.

"Enyi wala punda, hamjambo?" Zerbo akasalimu.

"Hatujambo, mla mbwa!" Lamusa akajibu. "Umeshiba au tufiche wetu?"

Nobila akajipenyeza mbele, kanzu imepigwa pasi. "Karibuni shambani kwangu. Msimu huu nalichukua. Shemeji nitampa kipande kingine, kule mawe yanakoanzia."

Kicheko kikakatika. Zerbo akamtazama Lamusa. Lamusa akachukua jembe.

"Sawa, shemeji. Cha kuazima hurudishwa kilivyokuwa. Ulinipa kipara, nakurudishia kipara."

Akaanza kufukia. Shimo la kwanza, la pili. Wakulima wakaguna kama wanaona chakula kikimwagwa. Shimo la tano, Nobila akapiga kelele.

"Acha! Una wazimu?"

"Bado mia nane. Kaa kivulini, usichafue kanzu."

"Huyu punda wa Kimossi," Zerbo akachokoza, "ndiye uliyeniambia alisema hapavunwi kitu?"

"Usimtukane punda," Lamusa akasema, jembe likiwa juu. "Punda alinibebea samadi."

Watu wakaangua kicheko. Nobila alicheka wa mwisho, tena kidogo. "Basi. Lima."

"Mpaka lini? Sema kwa sauti, mtani wangu ana masikio ya mbwa."

"Mpaka utakapochoka mwenyewe!"

Wakulima arobaini wakawa wamesikia. Lamusa hakushukuru. Alimkabidhi Nobila jembe.

"Matano niliyofukia, yachimbe."

Nobila akapandisha kanzu, akachimba moja, udongo akautupa upande wa juu wa mteremko, maji ya mvua yanakotokea.

"Chini, shemeji!" Lamusa akafoka. "Tupa chini! Ukiziba njia ya maji, tutarudi kwenye kipara chako."