Bolti Zilizotiwa Rangi

Siku ya Jumamosi, tarehe 14 Juni mwaka 2025, fundi mmoja wa kike alilala chali chini ya boti ya tanga ya kaka yake, akifunga kikata-kamba. Boti ilikuwa imepandishwa nchi kavu katika karakana alimofanyia kazi. Kikata-kamba ni bangili nene ya chuma yenye visu, hufungwa kwenye shafti, ule mhimili unaozungusha propela, karibu na propela yenyewe, ili kamba ikinasa pale ikatwe kabla haijaizima mashine. Bangili hiyo huja vipande viwili, navyo huunganishwa kwa bolti nne.

Kaka yake alisimama kando, subira imemwishia.

"Mdogo wangu, unakifunga hicho kisu au unakisomesha?"

"Nikiharakisha kitakukata wewe."

"Winchi inatungoja. Na wifi yako ameshafungasha hata mto wa kulalia."

Karakana ile ilikuwa na desturi yake. Fundi akishakaza bolti, huipiga mstari wa rangi nyeupe kutoka kichwani mwake hadi kwenye chuma kilicho jirani. Bolti yenye mstari haiguswi tena na mtu, wala haiulizwi. Fundi alizitia gundi bolti mbili za upande wake, akazikaza kwa spana. Zile mbili za upande wa pili alizianza kwa vidole tu, kwa sababu spana haikuwa na nafasi ya kugeuka mpaka shafti izungushwe. Kopo la rangi lilikuwa wazi, na kaka alikuwa akihimiza. Akazipiga mstari zote nne, akisema moyoni kwamba angezimalizia papo hapo. Mwenye winchi akaita. Fundi akatoka kusaidia kufunga mikanda, na boti ikashushwa majini.

Jioni, akinawa mikono, ndipo ilipomjia kwamba hakuizungusha shafti. Alichukua simu, akaitazama, akairudisha mezani. Boti ingelazimika kupandishwa tena, na kaka yake alikuwa amewatambia watu wote kwamba dada yake hakosei. Zimeshika kidogo, alijiambia, zitavumilia safari moja.

Hazikuvumilia. Kesho yake wifi akiwa kwenye usukani, kamba ya wavu iliingia kwenye propela. Badala ya kukatwa ilijisokota, mashine ikazima, na maji yakaanza kuisukuma boti kuelekea miambani. Kaka alijitosa na kisu cha jikoni. Kamba aliikata, na kiganja chake pia. Daktari alisema vidole viwili huenda visikunjike tena.

Boti ilipopandishwa, bangili ilikutwa imeachama upande mmoja, bolti mbili hazipo. Lakini nusu ya kila mstari mweupe ilikuwa bado kwenye chuma. Msimamizi wa karakana aliigusa kwa kidole.

"Hizi zilikazwa. Rangi si hii hapa? Aliyeshika usukani ndiye aliyeparamia wavu mzima."

Fundi alikuwa amesimama nyuma yake. Akaokota spana yake, akarudi kazini.

Maneno yale yalitembea. Kaka aliyarudia mbele ya baba yao: mkewe aliambiwa asikaribie maboya ya nyavu, akakaribia. Mashemeji zake wakampachika jina la Nahodha wa Nyavu. Wifi akapiga magoti mbele ya mkwewe akaomba radhi, huku fundi akiwa kwenye kiti cha pembeni, akikoroga chai aliyokwisha kuikoroga.

Tangu siku ile fundi aliwaachia wenzake kazi ya kupiga mistari ya rangi. Hatimaye alikwenda nyumbani kwa kaka yake. Alimkuta wifi akimfunga mumewe vifungo vya shati.

"Karibu, wifi. Nimemwambia kaka yako aiuze boti. Mimi usukani sishiki tena."

"Isiuzwe kwa ajili yako. Kosa si lako."

"Usinibembeleze."

"Bolti mbili sikuzikaza. Nilizitia rangi tu."

Kaka aliuangalia mkono wake uliofungwa bendeji kana kwamba ameletewa wa mtu mwingine. "Rangi uliitia bila kukaza?"

"Niliitia. Na jioni ile ile nilikumbuka, nikanyamaza."

Kaka aligeukia dirishani. Aliyejibu ni wifi, na sauti yake haikupanda.

"Siku nilipopiga magoti kwa baba, ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ukanywa chai yako."

"Nikainywa."

Wifi alimalizia kifungo cha mwisho. "Mkono huu tutauuguza, na siku nisipokuwepo utakuja wewe kumvalisha. Lakini jina langu limefika kwa baba, kwa shemeji zangu, huko karakana, hadi kwa watu nisiowajua. Ulirudishe kwa njia hiyo hiyo."

Fundi alitoka, akaanzia kwa baba. Kisha akaenda kwa mashemeji wa wifi yake, na karakanani, akasema yale yale mbele ya msimamizi na mafundi wote, bila kupunguza. Hata hivyo wapo wengi ambao hajawafikia. Kwa hiyo wewe uliyeisoma habari hii usikae nayo peke yako. Msimulie mwenzako, naye amsimulie wa kwake, mpaka kila aliyeambiwa kwamba mke yule ndiye aliyeleta maafa asikie pia ni nani aliyeziacha bolti bila kuzikaza.