Tepu ya Dada Watatu

Tarishi wa miungu aliingia dukani kwa bibi fundi akichechemea, bahasha mkononi, wala hodi hakupiga. Viatu vyake vilikuwa na mabawa, mabawa ya kweli ya manyoya, ila la kushoto lilikuwa linaning'inia. Wakubwa wa mlimani wana radi na viti vya dhahabu, lakini anayewatumikia ndiye huyo, kiatu kimefumuka. Ndiyo dunia.

Bibi alikuwa nyuma ya pazia anapiga pasi huku anaimba. Mjukuu wake, msichana wa miaka kumi na mmoja waliyemwita Kidomo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, aliichana bahasha na kusoma: "Uzi wako wa uhai utakatwa leo saa nane mchana. Tunakushukuru kwa ushirikiano."

Bibi ndiye alikuwa mama yake, baba yake na ukoo wake mzima.

"Nani anakata?" alinong'ona.

"Dada Watatu. Mimi naleta barua tu, yaliyomo siyajui."

"Nikikushonea hilo bawa, utanipeleka kwao?"

Tarishi alilitazama bawa lake kwa huruma. "Ombi langu la kulishona liko mezani tangu babu wa babu yako hajazaliwa. Shona, mwanangu."

Alilishona fasta, tepu ya bibi ya kupimia ikiwa shingoni mwake kama kawaida, na wakaruka.

Langoni alilala mbwa wa vichwa vitatu. Kichwa cha kwanza kilidai kitambulisho, cha pili kikasema mhusika ametoka kidogo, cha tatu kilikuwa kinakoroma. Mshahara mmoja huo.

"Samahani," Kidomo aliuliza kwa adabu zote, "kati yenu mkubwa ni nani?"

Aliwaacha wanang'atana, akapita.

Ndani ya karakana walikaa vikongwe watatu. Wa kwanza alisokota uzi, wa pili akapima, wa tatu akakata. Jicho walikuwa nalo moja tu, wakipeana kama chumvi mezani.

"Shikamooni."

"Marahaba. Una miadi?"

"Nimekuja kwa ajili ya bibi fundi."

"Uzi wake ndio huu," alisema Mpimaji, jicho likiwa kwake. "Kapewa miaka sabini na minne, kila mwaka inchi moja. Nimepima, nimetia alama ya chaki. Imetimia."

"Bibi yangu ana sabini na mmoja!"

"Mtoto, mkono huu haujakosea tangu dunia iumbwe. Tepu haisemi uongo."

Kidomo, aliyejua kupima kabla hajajua kusoma, aliinama juu ya meza. Mungu wangu!

"Bibi, ncha imekatika! Tepu yako inaanzia tatu. Wewe unatazama ilikoishia tu, ilikoanzia hutazami. Unawapunja watu!"

Msokotaji aliacha kusokota. Mkataji aliweka mkasi chini, polepole.

"Ni yule mbuzi wa Mkubwa wa mlimani," alisema. "Si aliitafuna?"

"Lini?" aliuliza Kidomo.

"Juzijuzi tu. Miaka mia tisa hivi."

"Kwa hiyo wote..."

"Shh! Bibi yako ataongezewa tatu zake sasa hivi. Ila mdomo, funga. Ukilitoa hili nje, tutaundiwa tume."

"Nafunga," alisema Kidomo, na machozi yakamtoka. "Na mama yangu je?"

Mpimaji alikohoa. "Huyo alishakatwa, mjukuu wangu. Faili limefungwa."

"Basi angalau mtabadilisha tepu?"

"Tuliomba mpya. Tunasubiri saini ya Mkubwa."

"Yuko wapi?"

"Kikaoni."

Mpimaji alifuta alama ya zamani, akaweka nyingine inchi tatu mbele, kisha akalitoa jicho ampe Mkataji aone. Kwa kitambo hicho kifupi, jicho likiwa kiganjani, wote watatu walikuwa vipofu. Kidomo aliivua tepu ya bibi shingoni, akaiweka mezani, akaichukua ile mbovu.

Nyumbani, bibi alikuwa amejishika kiuno.

"Ulikuwa wapi, wewe? Na tepu yangu umeifanya nini? Inchi tatu nzima hazipo!"

Kidomo alinyamaza. Bibi akamshika paji la uso, maana mtoto huyu kunyamaza, hiyo si homa ni nini?

"Ukimpimia mtu kwa hii si unamdhulumu? Haya, katupe."

Alitoka mpaka kwenye pipa la taka, akasimama. Mama alifariki yeye akiwa na miaka miwili, na sura yake aliijua kwenye picha tu. Mama angepewa mitatu yake, yeye angekuwa na mitano. Mtoto wa miaka mitano anakumbuka.

"Umeshatupa?" bibi aliita kutoka ndani.

"Ndiyo, Bibi," alijibu, akaikunja tepu na kuitia mfukoni.