Bendera ya Takeo

Burhani, mtu wa Tanga, aliuza saa na medali kuukuu katika mtaa wa Marshalltown, huko kusini mwa Afrika, lakini moyo wake ulikuwa kwenye bendera za Kijapani. Babu yake alipigana Burma upande wa Waingereza, akarudi na habari za askari wa Japani waliokwenda vitani na bendera zilizoandikwa na jamaa na majirani, maneno ya heri yakilizunguka lile jua jekundu.

Mkewe Zuhura alikuwa na yake ya kusema. Bendera ya kwanza aliyoinunua Burhani ilijaa majina, yote kwa mwandiko mmoja.

"Kijiji kizima kilitumia mkono mmoja," aliwaambia wageni. "Wajapani wanashirikiana sana."

Sasa Burhani alirudi na nyingine, aliyoipata kwa mjane aliyekuwa akiuza vitu vya marehemu mumewe. Akasogeza sahani, akaitandaza mezani.

"Tazama, Mama Yasmin. Hariri hii. Wino umepenya mpaka nyuma. Na kila mtu ana mwandiko wake. Huyu mkono ulimtetemeka, huyu alikuwa na haraka."

"Na huyu alikuwa na njaa kama mimi. Iondoe tule."

Jumamosi wakaenda mtaa wa Doornfontein kwa Naoko, mwanamke aliyefundisha Kijapani katika fleti yake. Zuhura alifuatana na mumewe ili, kwa maneno yake, aibu isimkute peke yake.

Naoko aliinamia kitambaa kwa muda mrefu. Akasema hawezi kuapa, ila herufi ni za mtindo wa zamani na maneno ni ya wakati ule wa vita. Mwenye bendera aliitwa Takeo. Kisha akatabasamu.

"Hapa pembeni dada yake ameandika: 'Takeo, huko hakuna wa kukumwagia maji. Amka mwenyewe.'"

Zuhura alicheka. Akaunyoosha upindo wa bendera kwa kidole.

"Baba Yasmin, hii si ya kutundika kwetu."

Burhani alibisha njia nzima hadi nyumbani Jeppestown. Alikuwa amelipa, alikuwa ameitafuta miaka mingi, na kwa mara ya kwanza hakuwa amedanganywa. Jumatatu, bila kuambiwa tena, Burhani akaipeleka bendera kwa Naoko, aliyewajua watu wa kutafuta jamaa za askari.

Baridi ilipokwisha Naoko akapiga simu. Alikuwa amepatikana binti wa yule dada, bibi kizee sasa. Takeo hakurudi kutoka vitani, wala mwili wake haukuonekana. Bibi yule aliposomewa maneno ya mama yake alicheka kwanza, ndipo akalia.

Siku hiyo Burhani hakwenda kuuza. Zuhura akamletea chai, akaketi karibu naye.

"Mume wangu, umenunua kitu cha kweli mara moja tu maishani, na hicho nacho umekigawa."

"Ndiyo," alisema Burhani, akaomba sukari zaidi.