Bunduki ya Kubaki Kando ya Alby

Tangu Februari nilikuwa nimejaribu bunduki kumi na moja za watu, na zote nilizitia kasoro. Hii kitako kirefu, ile mtutu mzito, nyingine kifyatulio chake kigumu mpaka kidole kinauma. Ikafika mahali wanachama wa klabu wakiniona nakuja wanafunga mikoba yao. Mke wangu Hilda akasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia, nazunguka tu uwanjani bila kutua. Nikamwambia aniache. Usiku nageuka, mchana siketi, chai inapoa mezani mara mbili.

Wacha niseme ukweli hapa, kwa sababu huko sikuusema. Bunduki hazikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa jicho langu la kulia. Mwezi wa kwanza daktari wa macho pale Horsham alinieleza kwamba nyuma ya jicho pameanza kuchakaa, na pakichakaa hapatengenezeki. Ila kitu kikikuzwa, alisema, nitakiona vizuri tu. Nikamlipa, nikatoka, nikamwambia Hilda kwamba macho yangu ni ya kijana.

Sasa, sisi tunaopiga shabaha za mbali tuko makabila mawili. Wa kwanza ni sisi wa mkanda. Tunalala kifudifudi, mkanda wa ngozi umebana mkono wa kushoto, tunalenga kwa kupitia kitundu kidogo, basi, hakuna kioo cha kukuza. Kabila la pili ni wale wa darubini. Hao bunduki yao inakaa juu ya miguu ya chuma, nyuma kuna mfuko wa mchanga, na wenyewe wamejilaza kwa raha zao kama watu walio sebuleni kwao. Macho yakikuzeekea, huko ndiko unakohamia. Mimi ndiye niliyewabandika jina la Wodi Namba Tatu, na nimewacheka miaka ishirini. Aibu hiyo ningeimeza. Mtu hafi kwa kuchekwa.

Kilichonikosesha usingizi ni Alby Keogh. Katika klabu yetu watu hupangwa wawili wawili kwa shabaha moja. Mmoja anapiga risasi zake kumi, mwenziwe yuko ubavuni na darubini ya kutazamia, anaita alama kwa sauti na kuziandika. Asipoita, risasi haijahesabiwa na mpigaji haruhusiwi kupiga nyingine. Kisha wanabadilishana. Mimi na Alby tumekaa bega kwa bega hivyo miaka ishirini na sita. Hilda husema nimelala kando ya Alby mara nyingi kuliko nilivyolala kando yake. Siku mke wake Noeline alipomkimbia Alby, sikuambiwa na mtu mwingine. Aliniambia mwenyewe pale kwenye tuta tunalolalia tukipiga, kati ya risasi ya nne na ya tano, halafu ya tano akaipiga katikati. Watu wa darubini wanalala mwisho kabisa wa tuta, wao kwa wao. Nikichukua bunduki ya darubini, Alby ataandikiwa na mtu mwingine. Ndiyo habari yote hiyo.

Fundi wetu wa bunduki ni Una Rethus. Yeye hufanya kazi kwenye banda la bati nyuma ya nyumba yake, na mwenyewe ni mtu wa darubini, wala haoni haya. Jumatano moja ya Machi nilikwenda kwake. Alikuwa ameniwekea vitako viwili mezani. Kimoja chembamba, cha mti wa jozi, cha mpigaji wa mkanda. Cha pili kipana, bapa chini kama ubao wa kukatia mkate, cha kukaa juu ya miguu ya chuma. Mtutu ulikuwa tayari. Alisubiri niseme tu.

Nikakishika chembamba. Nikakiweka. Nikakishika tena.

"Gordie, umekishika hicho mara saba," Una akasema. "Hata gauni la harusi halijaribiwi hivyo."

"Shavu halikai sawa."

"Shavu limekaa. Hebu nisomee kalenda ile ukutani, huu ni mwezi gani?"

"Nimekuja kununua bunduki, mama, sikuja shuleni."

"Machi haijafunuliwa," akasema. "Hapo ukutani bado ni Desemba, kuna picha ya trekta jekundu. Hulioni?"

Nikasema naliona. Nilikuwa naona wekundu, kweli, lakini ungeniambia ni nyanya ningekubali.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," Una akasema, na hakuwa akicheka. "Mimi sina shida, nitakuchongea chochote utakacho. Lakini nina wateja wengine. Jumamosi uwanjani nataka jibu. Chembamba au kipana, unaniambia, naanza kazi Jumatatu."

Nilitoka nikauacha mlango wazi nyuma yangu. Njiani nilijibishana naye peke yangu kwenye gari kilomita thelathini, na kila mara nilishinda.

Jumamosi tulikuwa yadi mia tisa. Asubuhi yenyewe ilikuwa ya kupendeza, mashamba yamevunwa, mabua meupe mpaka upeo wa macho, upepo mdogo. Sikula. Pai ya nyama aliyonifungia Hilda nilimpa Alby, akala mbili, yake na yangu, akapangusa masharubu.

Nikatangulia mimi kupiga. Kwenye kitundu niliona ukungu, na ndani ya ukungu doa, na doa lenyewe lilikuwa linahama kila nikilikazia. Nikafyatua kwa kukisia. Alby akawa anaita ubavuni, taratibu, bila kuongeza neno: nne, tatu, nne, nne, tano, hivyo mpaka ya kumi. Jumla arobaini na moja kwa hamsini. Mimi ni wa daraja la kwanza, na mtu wa daraja la kwanza akipata arobaini na moja anatakiwa awe na homa. Ilikuwa Jumamosi ya nne mfululizo. Kila mwaka baada ya Pasaka kamati hupanga madaraja upya, na watu hulazwa pamoja kwa daraja. Kwa hiyo hata nikishikilia mkanda wangu, nitashushwa, na Alby atabaki juu. Huku simba, huku mto.

Isipokuwa Alby naye alikuwa anaporomoka. Arobaini na nne, arobaini na tatu, arobaini na mbili, wiki hadi wiki. Huyu ndiye mtu ambaye wateuzi wa timu ya jimbo walikuwa wamemwandikia barua kwamba wanatazama wastani wake mpaka Pasaka. Timu hiyo ameikosa mara mbili, na mara ya pili nilimkuta nyuma ya choo cha uwanja analia. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi alipoanza kushuka. Sikumwambia mtu, lakini kila alipopata tatu roho yangu ilitulia kidogo. Nilikuwa nasema moyoni, haya, tutashuka wote wawili.

Zamu yake ikafika. Nikaweka jicho kwenye darubini ya kutazamia, na kwenye kioo kile kila kitu kikawa wazi, namba, duara jeusi, hata viraka vya karatasi walivyobandika juu ya matundu watu wa shimoni, wale wanaoshusha na kupandisha shabaha. Bendera zilikuwa zimelala. Alby akapiga sita, zote katikati, nikawa naita na kuandika. Ya saba ikatoka kushoto. Tatu.

Niliita tatu. Shabaha ikateremka shimoni kubandikwa. Nikachukua penseli nichore doa mahali lilipoangukia, maana mwandikaji huchora kila risasi ya mwenziwe, na mkono ukasita. Nilikuwa nimeshalichora doa hilo. Nikafunua karatasi za nyuma kwenye ubao wangu. Jumamosi iliyopita, ya saba mpaka ya kumi, kushoto, kimo kile kile. Iliyotangulia, ya saba, ya nane na ya tisa, kushoto, kimo kile kile. Mpigaji anayechoka risasi zake hutawanyika. Hizi zilikuwa zimekaa mahali pamoja ungeweza kuzifunika kwa kisahani cha chai, na kwa yadi mia tisa huko si kukosea. Huko ni kulenga.

"Alby."

"Mm."

"Hiyo umeitupa."

"Upepo."

"Upepo gani? Bendera hata hazipumui."

"Andika tatu, bwana. Kazi yako kuandika."

"Ninazo karatasi za mwezi mzima hapa. Kila wiki unazitupa kuanzia ya saba."

Hakuinua uso kutoka kwenye kitako. Kule chini shabaha ilikuwa bado haijapanda. Watu wa shimoni siku hiyo walikuwa wazito, na namshukuru Mungu kwa uzito wao.

"Kamati inakushusha, Gordie," akasema mwisho. "Unajua, najua. Huko juu niandikiwe na nani? Prout? Yule anatafuna karanga sikioni mwangu."

"Kwa hiyo ulijua."

"Mwezi wa pili mzima ulikuwa unaniuliza shabaha yetu namba ngapi. Kibao cha namba kina ukubwa wa mlango, mzee."

Nilikasirika mpaka penseli ikavunjika. Si kwa sababu alijua. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni mwake nafurahia anavyoanguka, na yeye alikuwa anajiangusha kwa ajili yangu. Nilijiona mtu mdogo sana, na mtu akijiona mdogo hutafuta wa kumgombeza.

"Na timu ya jimbo je?"

"Timu ni kofia tu na koti la kijani."

"Ulililia koti hilo nyuma ya choo. Nilikuwepo."

Shingo yake ikawa nyekundu.

"Sikiliza," nikasema. "Nachukua ya darubini."

"Usiseme mambo hayo kwa hasira."

"Kwa hasira ndiyo nitayasema. Nikipoa nitabadilika."

Na nilijijua. Nilijua nikifika nyumbani nitaanza tena kuzunguka, shavu halikai, kitako kirefu, mpaka Pasaka ipite. Basi nikapiga magoti pale pale kwenye tuta, jambo ambalo ni marufuku watu wakiwa wanapiga, nikageukia mwisho wa mstari alikolala Una na wenzake.

"Una!" nikaita. "Jibu lako! Kile kipana!"

Tuta zima likainua vichwa. Prout, ambaye ndiye nahodha wa uwanja siku hiyo, akanikaripia kwamba mimi ni mwanachama wa miaka ishirini na sita na najua sheria. Nikasema najua, samahani. Una aliinua tu mkono mmoja juu na kuushusha. Nikalala tena mahali pangu.

"Umemaliza?" Alby akauliza.

"Nimemaliza. Wewe zimekubakia tatu. Ukitupa hata moja, ninaipeleka karatasi hii kwa kamati na kuwaambia."

"Hutathubutu."

"Nijaribu."

Shabaha ikapanda. Alby akakaa muda mrefu kuliko kawaida yake. Nilimsikia akivuta pumzi, akaiachia nusu, bunduki ikalia. Katikati. Nikaita, nikaandika kwa kipande cha penseli. Ya tisa ikatua karibu kabisa na ile ya nane. Nikaita.

Ya kumi ilipopanda na alama yake, niliiona kwenye kioo vizuri sana, katikati ya katikati. Nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Alby alisubiri, shavu juu ya kitako, hakugeuka kunitazama.

"Ita, Gordie," akasema kwa upole. "Haijahesabiwa mpaka uite."

"Katikati," nikasema, na hiyo ndiyo ya mwisho niliyomwitia.